Muuza miche ya matufaa aseme ukweli wote

Tangazo la aina moja limekuwa likizunguka katika simu za wakulima, kuanzia Njombe na Mbeya hadi Nyeri na Laikipia: mche wa tufaa unaozaa ndani ya miezi tisa. Picha inayoambatana nalo huonyesha mti mdogo usiozidi kimo cha mtoto wa chekechea, umebeba matufaa mawili matatu mekundu yanayong'aa. Chini yake huwekwa namba ya simu na maelekezo ya malipo.

Picha hiyo si lazima iwe ya kughushi. Mtufaa unaweza kutoa tunda kabla haujatimiza mwaka shambani, na sababu zake zinaeleweka vizuri. Kinachofichwa ni umbali uliopo kati ya mti kutoa tunda na mti kumlipa aliyeupanda. Umbali huo ni wa miaka. Mkulima anayetoa akiba yake, anayekopa kwenye kikundi au anayeacha mahindi ili apishe mitufaa, ana haki ya kuambiwa miaka hiyo ni mingapi kabla hajatoa hata senti.

Hesabu yenyewe si ya siri. Mtufaa ulioota kutokana na mbegu huchukua miaka 6 hadi 10 kutoa tunda la kwanza, na mingine huchelewa zaidi ya hapo. Uliobebeshwa, yaani wenye kikonyo cha mti uliokwisha kuzaa kilichoungwa juu ya shina la mche mwingine, huanza kuzaa kati ya mwaka wa 5 na wa 8 ikiwa shina hilo ni refu la kawaida. Uliobebeshwa juu ya shina la kimo cha kati huanza kati ya mwaka wa 3 na wa 5, na ule wa shina fupi kabisa huanza mwaka wa 2 au wa 3. Hapo yanazungumzwa matunda ya kwanza yanayofaa kuachwa yakomae. Mavuno ya kujaza makreti na kuita gari la mnunuzi huja miaka miwili, mitatu baadaye.

Watu wa Afrika Mashariki hawajawahi kuogopa kusubiri mti. Mkarafuu wa Pemba hukaa miaka 6 hadi 8 kabla ya kutoa karafuu za kwanza, na huchukua miaka mingi zaidi kufikia nguvu zake kamili. Mnazi mrefu wa mwambao hutaka subira kama hiyo. Mbuni wa Kilimanjaro au Bukoba huomba miaka 3 au 4. Wakulima wa Njombe walioingia kwenye parachichi la Hass walielewa kwamba mche wa kubebesha huanza kuzaa karibu na mwaka wa 3, na walipanda. Hoja kwamba mkulima hatapanda mtufaa mpaka avutwe kwa ahadi ya miezi tisa haina msingi. Anachohitaji ni hesabu anayoweza kuipangia maisha yake.

Ili hesabu hiyo ieleweke, ni vizuri kuanzia kwenye mbegu, kwa kuwa wengi huanzia hapo. Mtu hula tufaa tamu, huzifukia mbegu zake kwenye kopo la udongo, na wiki chache baadaye huona majani. Furaha yake ni ya haki, lakini mti alioupata si mtoto wa lile tufaa kwa maana anayoifikiria. Kwa kawaida mtufaa haujichavushi wenyewe. Chavua hutoka kwenye mti wa aina nyingine, ikibebwa na nyuki, na kila mbegu ndani ya tunda moja huwa na mchanganyiko wake. Katika milima ya Tian Shan, upande wa Kazakhstan, ambako mtufaa una asili yake, misitu ya mitufaa ya mwitu bado ipo, na matunda hutofautiana mti kwa mti: haya matamu, yale machungu, mengine makubwa, mengine madogo kama tunguja.

Juu ya bahati nasibu hiyo kuna utoto. Mche wa mbegu hupitia miaka ambayo hauwezi kutoa ua hata upewe samadi, maji na jua kiasi gani. Lazima kwanza urefuke na kuongeza vifundo vya kutosha, ndipo ncha zake zianze kutengeneza matumba ya maua. Mkulima aliyepanda mbegu anaweza kuupa mti miaka minane ya maisha yake, kisha akavuna tunda ambalo hata mbuzi analikataa.

Mwaka 1809, katika mji mdogo wa Southwell huko Uingereza, msichana aitwaye Mary Ann Brailsford alipanda mbegu za tufaa katika bustani ya nyumbani kwao. Mti mmoja ulikua na kuzaa matunda makubwa, machachu, yaliyofaa sana kupikwa. Mwaka 1856 kijana wa familia ya wenye vitalu, Henry Merryweather, aliyaona matunda hayo na kuomba vikonyo vya kubebesha. Wakati huo nyumba ilikuwa mikononi mwa mchinjaji Matthew Bramley, ambaye alikubali kwa sharti kwamba tufaa hilo liitwe kwa jina lake. Mpaka leo Bramley ndilo tufaa la kupikia linalojulikana zaidi Uingereza. Kati ya mbegu ya Mary Ann na kitalu cha Merryweather ilipita karibu nusu karne.

Hata wanaofanya kazi hiyo kwa sayansi hawana njia ya mkato. Katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, mitufaa iliyozaa tufaa la Honeycrisp ilichavushanishwa mwaka 1960. Mwaka 1977 mti wake ulikuwa umewekwa alama ya kutupwa, ukaokolewa na mtafiti David Bedford, na aina hiyo ikatolewa kwa wakulima mwaka 1991. Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington kilianza kutengeneza tufaa la Cosmic Crisp mwaka 1997, na wanunuzi waliliona madukani Desemba 2019. Hiyo ni miaka 22, ikiwa na watafiti, maabara, mashamba ya majaribio na fedha.

Mkulima wa kawaida hana sababu ya kupita njia hiyo, kwa kuwa dawa ya utoto wa mti imejulikana tangu enzi za Wagiriki na Warumi wa kale: kubebesha. Fundi wa kitalu hukata kikonyo chenye unene wa penseli kutoka kwenye mti uliokwisha kuzaa. Huchonga ncha yake kwa kisu kikali mpaka ifanane na kabari, hupasua shina la mche unaobeba, kisha huingiza kikonyo kwa uangalifu ili ule utando wa kijani ulio chini ya gome la kila upande ukutane na mwenzake. Utando usipokutana, kazi yote imepotea. Hufunga kwa utepe wa nailoni, huzuia hewa na maji yasiingie, na wiki chache baadaye macho ya kikonyo huanza kufumbuka. Kikonyo hicho kimetoka kwenye mti mzima, na kinapopata mizizi mipya ya kukilisha hakirudi utotoni. Ndiyo maana miaka ya kusubiri hupungua.

Tufaa la kijani la Granny Smith, linalouzwa Kariakoo na kwenye vibanda vya Nairobi, ni ushahidi wa jambo hilo. Mti wake wa kwanza ulijiotea kwenye shamba la Maria Ann Smith, karibu na Sydney, Australia, na habari zake zikaanza kuandikwa mwaka 1868. Bibi huyo alifariki mwaka 1870. Kila mtufaa wa Granny Smith ulioko duniani leo ni kipande cha mti ule mmoja, kilichobebeshwa na kubebeshwa tena kwa zaidi ya miaka 150.

Kikonyo huamua tunda litakuwa la namna gani. Shina linalokibeba huamua mti utakuwa mkubwa kiasi gani, na kwa sehemu kubwa huamua pia utaanza kuzaa lini. Hapa ndipo penye habari ambayo mkulima wa Afrika Mashariki huwa hapewi kabisa.

Kuanzia mwaka 1913, kituo cha utafiti cha East Malling katika jimbo la Kent, Uingereza, kilikusanya mashina ya kubebeshea yaliyokuwa yakiuzwa Ulaya kwa majina yaliyochanganyika. Mtafiti Ronald Hatton aliyapanga, akayatenganisha na kuyapa namba. Shina lililopewa namba M9 lilikuwa limepatikana Ufaransa mwaka 1879. Hilo huufanya mti uwe wa mita 2 hadi 3 tu, na huanza kuzaa mwaka wa 2 au wa 3. Baadaye East Malling ilishirikiana na taasisi ya John Innes kutengeneza mashina yanayohimili vidukari wenye sufi nyeupe, adui mkubwa wa mitufaa. Kati ya hayo ni MM106, lenye mti wa kimo cha kati unaoanza kuzaa karibu na mwaka wa 3 au wa 4, na MM111, lenye mti mkubwa kidogo unaohitaji mwaka mmoja au zaidi juu ya hapo.

Linaloanza kuzaa mapema zaidi haliwi lazima bora kwa kila shamba. Mti wa M9 una mizizi dhaifu. Lazima ufungwe kwenye kigingi au waya maisha yake yote, na hudai maji bila kukosa. Mkulima wa Makete anayetegemea mvua, ambaye kuanzia Juni hadi Oktoba haoni tone, anaweza kufaidika zaidi na MM111, ambalo mizizi yake huvumilia ukame, hata kama atasubiri mwaka mwingine. Lakini atachaguaje, ikiwa mche aliouziwa hauna hata karatasi inayotaja shina lake? Huko ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Sasa miezi tisa inatoka wapi? Hesabu yake ni rahisi. Kikonyo kilichokatwa kwenye mti uliokwisha kuzaa kinaweza kuja kitaluni kikiwa tayari kina matumba ya maua, au kikayatengeneza mapema mno baada ya kushika. Mche ukipandwa shambani unaweza kuchanua baada ya miezi michache. Aina za mapema kama Gala huhitaji takriban miezi 4 tangu kuchanua hadi kuiva, na za kuchelewa kama Granny Smith huhitaji karibu miezi 6. Ukijumlisha, tunda la mwezi wa tisa linapatikana, na mpiga picha anapata kazi.

Tatizo ni kinachoupata mti baada ya picha. Ili tufaa moja likue na kupata utamu, mti huhitaji takriban majani 30 hadi 40 ya kulilisha. Mche wa mwaka wa kwanza una majani machache, na majani hayohayo ndiyo yanayopaswa kujenga mizizi, shina na matawi ya kubeba mavuno ya miaka 20 ijayo. Kuuachia matunda ni sawa na kumtwika mtoto wa miaka mitatu ndoo ya lita ishirini. Matawi hupinda au huvunjika, mizizi hubaki juujuu, na mti hudumaa. Zaidi ya hapo, mbegu zilizomo ndani ya tufaa linalokua hutoa vichocheo vinavyouzuia mti kutengeneza matumba ya msimu unaofuata, kwa hiyo mti uliozaa kupita kiasi mwaka huu hupumzika mwaka ujao. Wakulima wazoefu, wawe Washington, Kent au Elgin ya Afrika Kusini, hupita kwenye miche michanga na kuyatoa maua kwa vidole. Tunda la miezi tisa linalotangazwa ndilo ambalo wao wangeliondoa lingali ua.

Kwa hiyo anayeuza mche kwa sifa hiyo anamfundisha mkulima kufanya kinyume cha ukulima mzuri. Mkulima huacha matunda mawili ili awaonyeshe majirani kwamba hakutapeliwa, na kwa kufanya hivyo huuchelewesha mti wake.

Jambo la pili linalonyamaziwa ni baridi. Mtufaa ni mti wa nchi zenye majira ya theluji. Vuli inapofika huko hupukutisha majani na kulala, na matumba yake hayafumbuki vizuri mpaka yapitiwe na saa za kutosha za baridi iliyo chini ya nyuzi 7 za Selsiasi. Aina nyingi zinazojulikana madukani hutaka saa 800 hadi 1,200. Hata Makete na Kitulo, ambako Juni na Julai huleta sakitu, mchana hupata joto na saa hizo hazitimii. Anayebebesha kikonyo cha aina ya Ulaya kwa sababu alipenda tunda lake anaweza kupata mti mrefu, wenye majani mabichi mwaka mzima, usiochanua ila huku na huko. Ataambiwa asubiri. Atasubiri miaka kumi, na mti utabaki vilevile.

Zipo aina zinazoridhika na baridi kidogo. Anna ilitengenezwa Israel na Abba Stein katika kijiji cha Ein Shemer. Dorsett Golden ilitokana na mbegu iliyoota Nassau, katika visiwa vya Bahamas, nchi isiyojua theluji. Hizi mbili hutaka saa chache mno za baridi, na zina faida nyingine: huchanua kwa wakati unaokaribiana, hivyo huchavushana. Katika nyanda za Kabale, kusini-magharibi mwa Uganda, ambako kituo cha utafiti cha Kachwekano kimeshughulika na matunda ya nchi za baridi, hizo ndizo aina zilizofika kwa wakulima.

Mahali penye fundisho kubwa zaidi ni Batu, karibu na Malang, katika kisiwa cha Java, Indonesia. Huko ni jirani na Ikweta, hakuna majira ya baridi, na Waholanzi walipeleka mitufaa wakati wa ukoloni. Wakulima walibuni njia ya kuudanganya mti. Takriban mwezi mmoja baada ya kuvuna, huyang'oa majani yote kwa mikono, tawi kwa tawi, mpaka mti unabaki kama fagio. Kabla ya hapo matawi huwa yamevutwa kwa kamba ili yalale badala ya kusimama. Mti uliovuliwa majani kabla haujaingia kwenye usingizi mzito hufumbua matumba ndani ya wiki chache, na miezi mitano hivi baadaye kuna mavuno. Kwa utaratibu huo mtufaa wa Batu huzaa mara mbili kwa mwaka. Njia hiyo ya kung'oa majani na kulaza matawi inaweza kutumika Njombe, Lushoto, Molo na Kabale bila mashine yoyote, na ofisa ugani anaweza kuionyesha kwa asubuhi moja.

Batu inafundisha pia upande wa pili. Miaka ya karibuni mashamba mengi ya huko yamedhoofika, joto likipanda, udongo ukichoka na mitufaa ikizeeka, na wakulima wamehamia kwenye machungwa na mboga. Mti unaopandwa leo utakuwa shambani miaka 20 au 30. Anayechagua eneo la kupanda afikirie joto la wakati huo pia, na ushauri wa serikali kuhusu maeneo ya matufaa uzingatie jambo hilo badala ya kuangalia baridi ya mwaka huu peke yake.

Baada ya hapo zimebaki sababu ndogondogo zinazofanya mtufaa mzuri uchelewe, na nyingi zinatibika. Mti mmoja uliosimama peke yake huchanua na kupukutisha, kwa kuwa hauna mwenzi wa kuuchavusha. Dawa yake ni kupanda aina mbili na kuwalinda nyuki dhidi ya dawa zinazopulizwa wakati wa maua. Samadi na mbolea ya kukuzia zikizidi, mti hukimbilia majani na kusahau matunda. Kupogoa kwa nguvu kila mwaka huamsha vichipukizi virefu visivyozaa. Na mche ukifukiwa mpaka kile kifundo cha kuungia kikaingia udongoni, kikonyo huota mizizi yake chenyewe, nguvu ya shina fupi hupotea, na mti wa miaka mitatu hugeuka kuwa wa miaka saba. Kifundo hicho kinapaswa kubaki wazi, kiganja kimoja juu ya ardhi.

Mambo haya yote yanaweza kuandikwa kwenye kipande cha karatasi kinachofungwa kwenye mche, na hilo ndilo jambo la kwanza ambalo mamlaka zinapaswa kulidai. Tanzania ina TOSCI, taasisi ya kudhibiti ubora wa mbegu. Kenya ina KEPHIS inayokagua afya ya mimea na vipandikizi. Taasisi hizo ziseme wazi kwamba hakuna mche wa tufaa utakaouzwa bila kutajwa mambo manne: aina ya kikonyo, aina ya shina, aina nyingine inayopaswa kupandwa jirani ili kuuchavusha, na mwaka ambao mkulima atarajie mavuno ya kuuza. Anayetangaza miezi tisa alazimike kuongeza kwamba tunda hilo linapaswa kuondolewa. Mwenye duka la dawa haruhusiwi kuuza chupa isiyo na maelezo, na mti utakaokaa shambani miaka 20 unastahili uangalizi usiopungua huo.

Jambo la pili ni ardhi. Kwa kawaida kijana anayelima viazi nyanda za juu hukodi shamba kwa msimu, na mwenye shamba hakubali mti wa kudumu upandwe. Hofu yake ina historia. Katika mwambao wa Kenya na Zanzibar, kwa vizazi vingi mwenye mti na mwenye ardhi waliweza kuwa watu wawili tofauti, na kupanda mnazi kulikuwa karibu na kudai haki juu ya mahali. Mpangaji anayepanda mtufaa leo anaweza kufukuzwa mwaka wa 3, mti ukiwa ndio kwanza unaanza kuchanua, na akaacha jasho lake kwa mwingine. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 nchini Tanzania inaruhusu hati za hakimiliki za kimila. Halmashauri za wilaya za matunda zingefanya vema kuwahimiza wenye ardhi na wapangaji waandikiane mikataba ya miaka 10 au zaidi, inayoeleza bayana miti ni ya nani na fidia ni kiasi gani mkataba ukivunjwa. Wanawake wahesabiwe humo kwa majina yao, kwa kuwa mara nyingi wao ndio wanaonyweshea na kupalilia mti ambao hati yake haiwataji.

La tatu ni mikopo. Mkopo unaodai marejesho kuanzia mwezi wa sita unafaa nyanya na kabichi. Ukipewa kwa mtu wa mitufaa, utamlazimisha aache matunda kwenye miche ya mwaka wa kwanza ili apate cha kulipa, au auze ng'ombe. Benki na vyama vya ushirika vinavyotaka kuingia kwenye matunda ya miti viweke muda wa kusubiri usiopungua miaka mitatu kabla ya marejesho ya kwanza, na viandike hivyo kwenye mkataba kwa Kiswahili chepesi.

Wakati huo shamba haliwi tupu. Kati ya mistari ya mitufaa michanga mkulima anaweza kuvuna maharage, njegere, vitunguu saumu au viazi mviringo kwa misimu kadhaa, mradi aache duara la mita moja safi kuzunguka kila shina na asiweke mahindi yatakayoutia mti kivuli. Hesabu ya familia katika miaka mitatu ya kwanza itegemee mazao hayo, na ofisa ugani aipange pamoja nayo tangu siku ya kuchimba mashimo.

Upo ubishi kwamba haya yote ni mzigo mkubwa kwa tunda ambalo tayari limejaa sokoni. Ni kweli kwamba sehemu kubwa ya matufaa ya Dar es Salaam yametoka Afrika Kusini, kwenye mashamba ya Rasi ya Magharibi kama Elgin na Ceres, na kwamba vyumba vya baridi huyatunza kwa miezi mingi. Lakini Afrika Kusini nayo ilianzia kwenye kungoja. Walowezi wa Kiholanzi walitia nanga Rasi mwaka 1652, na kumbukumbu za huko zinataja matufaa ya kwanza kuchumwa mwaka 1662. Nchi hiyo imejenga biashara yake juu ya vitalu vinavyojulikana, aina zenye majina na mashina yenye namba. Nyanda za Afrika Mashariki zina mvua, zina urefu kutoka usawa wa bahari, na zina walaji walio saa chache tu kwa lori. Zinachokosa ni uaminifu kati ya kitalu na shamba, na kila mkulima aliyeuziwa mche wa uongo huwaambia wenzake kumi kwamba matufaa hayawezekani.

Mvua za Nyanda za Juu Kusini huanza Novemba, na wauza miche watapita tena vijijini kabla yake. Mkulima atakayewapokea aulize jina la kikonyo na jina la shina. Aombe kupelekwa kwenye mti mama akauone ukiwa na matunda, auguse mche ulipoungwa aone kama pameshika, na anunue aina mbili kwa pamoja. Aulize pia kama kipo kijiji jirani ambako miche ya kitalu hicho ina miaka minne shambani, aende huko akazungumze na wenyewe. Muuzaji asiyeweza kujibu hayo aondoke na miche yake, na habari zake zifikishwe kwa ofisa ugani wa kata siku hiyohiyo.